Kanisa Kuu la Mkunazini, Unguja: macho ya fundi kutoka Uyole
Wanakwaya wenzangu wa Mbeya, mkifika Unguja msipitwe na Kanisa Kuu la Anglikana. Mimi fundi uashi, nimezoea tofali za kuchoma. Pale ukuta ni mawe ya matumbawe, na dari limepinda kama pipa, halina nguzo hata moja katikati! Jiwe la msingi liliwekwa 1873, mwaka soko la watumwa lilipofungwa palepale, na Askofu Edward Steere akasimamia ujenzi. Altare iko mahali walipochapiwa watumwa. Nilipiga magoti. Upande wa mlangoni nguzo fupi zimesimikwa kichwa chini. Mtembezaji alitusubiri tuzikague. Vyumba vya chini ya ardhi vilivyo jirani, vinavyosemekana walifungiwa watumwa, vina dari la kuinamia, mama zetu wenye maumivu ya magoti wabaki juu.