Nonprofit Explorer kwa asasi za Mtwara na Lindi: ya bure, ila isome kwa jicho kali

Asasi ya Newala au Kilwa inayoshughulika na ubanguaji wa korosho, mwani au VICOBA isilipie orodha yoyote ya wafadhili kabla ya kuimaliza Nonprofit Explorer, hifadhidata ya mtandaoni ya ProPublica, chombo cha habari cha Marekani, ambayo ni bure. Humo mna ritani, yaani taarifa za mwaka ambazo taasisi zisizotozwa kodi za Marekani huwasilisha kwa mamlaka ya mapato. Usitegemee matangazo ya ruzuku. Ni kumbukumbu ya fedha iliyokwisha kutoka.

Kisanduku cha mwanzo hutafuta taasisi. Wewe nenda kwenye utafutaji wa maandishi ya ndani ya ritani, uandike "Tanzania" pamoja na "cashew" au "seaweed", maana ritani ni za Kiingereza. Ukiandika "Lindi" peke yake utaletewa na akina mama wa Kimarekani wenye jina hilo. Ritani za zamani zilizoskaniwa hazitokei hapo.

Yenye nyama ni Fomu 990-PF, ritani ya mifuko binafsi (private foundations): kila aliyepewa katajwa kwa jina, kiasi na madhumuni. Fomu 990 ya kawaida itakupotezea bando. Jedwali F lake halitaji majina ya asasi za nje zilizopokea. Linaishia kuandika Afrika Kusini mwa Sahara.

Kwenye 990-PF, kabla ya orodha ya ruzuku kuna kisanduku kidogo ambacho wengi hukiruka. Kikiwa na alama ya X, mfuko huwapa uliowateua wenyewe tu, haupokei maombi yasiyoitishwa, na andiko lako halitasomwa. Kikiwa kitupu, mistari inayofuata hutaja anwani, muundo wa maombi, tarehe ya mwisho na mipaka ya eneo. Halafu linganisha viwango: mfuko unaotoa dola 5,000 hadi 15,000 ukiuomba 80,000, umejitoa mwenyewe.

Mara nyingi utakuta fedha ya Tanzania imepitia shirika la Marekani. Sababu ni kwamba mfuko binafsi ukitoa moja kwa moja nje hubeba kazi ya ziada ya uhakiki na usimamizi. Basi andikia huyo wa kati.

Kasoro kubwa ni uchelewaji: taarifa huwa nyuma mwaka mmoja hadi miwili, kwa hiyo hakiki kila kitu kwenye tovuti ya mfuko. Tena ni Marekani tupu. Kwa wafadhili wa Uingereza tumia GrantNav ya 360Giving, nayo bure.