Picha ya Ukutani Inayoweza Kutoka Kwenye Fremu: Mwongozo wa Kununua

Msomaji mmoja wa Entebbe ameniandikia kuhusu picha ya marehemu baba yake. Familia ilitaka kuitoa kwenye fremu ili ipigwe skani na kuchapishwa upya kwa ajili ya msiba, lakini picha ilikuwa imegandamana na kioo, na alipojaribu kuibandua kwa ncha ya kisu, shavu na kola ya shati vilibaki kwenye kioo huku karatasi nyeupe ikimjia mkononi. Wengine wa Jinja na Kampala wameleta malalamiko ya aina hiyo kuhusu picha za kwanjula (sherehe ya utambulisho kwa wazazi wa bibi harusi), za harusi na za mahafali ya Makerere, na karibu wote wanataka niwatajie studio yenye mashine nzuri. Nimeona niwajibu kwa kupanga aina za picha za ukutani kwa kigezo kimoja ambacho wauzaji hawakitaji kamwe: je, picha hiyo itaweza kutoka mahali ilipowekwa ikiwa nzima, baada ya miaka kumi ya mvua zetu?

Masuala ya pikseli, rangi na ukubwa yameandikwa vya kutosha. Nitakumbusha moja tu, kwamba picha inayotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa hadi pikseli 1,600 hivi upande wake mrefu, kwa hiyo mtumie mchapaji faili lenyewe kama dokumenti au umpelekee kwenye flashi.

Kugandamana huku kuna sababu inayoeleweka. Karatasi ya picha inayosafishwa kwa kemikali ina tabaka la jelatini juu yake, na rangi zote zimo ndani ya tabaka hilo. Jelatini hunyonya unyevu, ikavimba na kulainika. Asubuhi za Machi hadi Mei, na tena Septemba hadi Novemba, hewa ya Kampala na ya mwambao wa ziwa hujaa maji, ukuta wa nje hupoa usiku, na unyevu huingia ndani ya fremu kupitia mgongo wake wa mbao laini. Ikiwa picha imebanwa moja kwa moja kwenye kioo, jelatini iliyolainika hushika kioo, na jua la mchana linapoikausha hubaki hapo kama gundi. Mzunguko huu ukirudiwa msimu baada ya msimu, picha na kioo huwa kitu kimoja. Karatasi zinazong'aa sana ndizo zinazoshika upesi zaidi, kwa kuwa uso wake ni laini na hulala juu ya kioo bila mwanya wowote.

Ambaye tayari ana picha ya namna hiyo nyumbani asiivute. Kwanza aipige picha kupitia kioo, mchana, karibu na dirisha lisilo na jua la moja kwa moja, akiwa na kitambaa cheusi nyuma yake ili kioo kisiakisi chumba. Akishapata nakala hiyo, ndipo aamue kama atathubutu kuigusa ya asili.

Nafasi ya kwanza: karatasi ya Fujifilm Crystal Archive, ndani ya fremu yenye kadi ya dirisha

Sifichi upendeleo wangu kwa Fujifilm. Katika karatasi ya Crystal Archive rangi huzaliwa ndani ya tabaka lenyewe kwa mwanga na kemikali, kwa hiyo ukiisogeza machoni huoni vitone vya wino, na ngozi nyeusi iliyopigwa kivulini hubaki na kina chake badala ya kugeuka kijivu. Kuitambua ni rahisi, maana karatasi halisi huwa na jina la kampuni lililochapwa kwa rangi hafifu mgongoni, likirudiwa kwa mshazari. Mwombe mhudumu akugeuzie picha kabla haijaingia kwenye fremu, na akikataa, ondoka. Chagua uso wa nusu mng'ao wenye chembechembe ndogo, ambao haushiki alama za vidole wala haulali kabisa juu ya kioo.

Maabara ya Wilhelm Imaging Research ya Marekani, ambayo hupima uimara wa picha, iliikadiria Crystal Archive kudumu takriban miaka 40 ikiwa imetundikwa nyuma ya kioo. Ni vyema kujua kwamba vipimo hivyo huchukulia hewa yenye unyevu wa asilimia 60, hali ambayo sebule ya Entebbe mwezi wa Aprili haiifahamu. Ndiyo maana karatasi nzuri peke yake haitoshi, na ndiyo maana nasisitiza kadi ya dirisha.

Kadi hii ni ubao wa karatasi nene, wa milimita 1.5 hivi, uliokatwa tundu la mstatili katikati ili picha ionekane. Watu wengi huiona kama urembo. Kazi yake halisi ni kuitenga picha na kioo ili hewa ipite kati yao. Fremu ya inchi 16 kwa 20 hubeba vizuri picha ya inchi 11 kwa 14 pamoja na kadi yake. Hakikisha moyo wa kadi ni mweupe mahali ilipokatwa kwa mshazari, kwa sababu kadi yenye moyo wa kahawia ina asidi, na asidi hiyo huacha mstari wa manjano kuzunguka picha. Hakikisha pia kwamba picha imeshikwa kwa vipande viwili vya utepe wa karatasi upande wa juu pekee, au kwa vifuko vya pembeni, bila gundi mgongoni. Ukitaka picha ijaze fremu yote bila kadi, fundi aweke vijiti vyembamba vya plastiki chini ya ukingo wa fremu, kati ya kioo na picha, na matokeo yatakuwa yaleyale.

Hapa ndipo penye dukuduku langu kubwa. Mafundi wa fremu hutoza bei kwa urefu wa ukingo wa dhahabu, ambao hauilindi picha kwa lolote, kisha kadi inayoilinda wanaiita anasa. Msomaji wa Jinja aliambiwa, "Nnyabo (mama), hiyo ni ya mahoteli," akauziwa fremu pana yenye maua ya kuchonga na picha iliyosukumwa kwenye kioo kwa misumari. Bei nayo hupanda mara tu mnunuzi anapotaja harusi au mahafali, na hupanda tena kwa asilimia 18 anapoomba risiti halali, kana kwamba VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ni adhabu ya mwenye kuuliza. Taja ukubwa na aina ya karatasi pekee. Shughuli yenyewe haimhusu muuzaji.

Nafasi ya pili: wino wa pigmenti kwenye karatasi ya pamba

Hii ingeweza kuwa ya kwanza kama ingepatikana kwa urahisi. Karatasi kama Photo Rag ya Hahnemühle, kiwanda cha Ujerumani kilichoanza mwaka 1584, imetengenezwa kwa pamba tupu, haina mng'ao, na haishiki kioo kwa wepesi wa jelatini, ingawa nayo huhitaji kadi ili isiote ukungu. Wino wa pigmenti, ambao rangi yake ni chembe ndogo zisizoyeyuka, hustahimili mwanga kuliko wino wa kuyeyuka, ambao rangi yake imeyeyushwa ndani ya kimiminika, na katika vipimo hupata makadirio marefu kuliko Crystal Archive.

Tatizo ni kwamba mnunuzi huambiwa "Epson" au "Canon" na kuridhika, ilhali jina hilo halimwambii kitu. Epson L805, printa ya matangi inayopendwa na studio ndogo, hutumia wino wa kuyeyuka, na picha zake zikiachwa wazi hewani bila kioo hupauka mapema. Hata katika familia moja ya Canon, PRO-200 ni ya wino wa kuyeyuka na PRO-300 ni ya pigmenti. Uliza namba ya printa na aina ya wino, na umwombe mchapaji aandike majibu yote mawili kwenye risiti.

Nafasi ya tatu: kanvasi

Kanvasi haina kioo, kwa hiyo haiwezi kugandamana na chochote, na ukiondoa pini za mgongoni inatoka kwenye mbao zake ikiwa nzima. Kwa nyumba iliyo karibu na barabara ya murram naipa alama za juu, mradi imepakwa vanishi ya kuilinda, kwa sababu vumbi jekundu likiingia kwenye nyuzi zisizopakwa halifutiki. Itazame pembeni inapokunjwa juu ya mbao: wino duni hupasuka hapo na kuonyesha nyuzi nyeupe. Bonyeza katikati kwa kidole pia, na ikiwa imelegea dukani, nyumbani italegea zaidi.

Picha zilizochapwa kwenye alumini au akriliki (plastiki ngumu iliyo angavu kama kioo) ni imara na hazijali unyevu, lakini wanaozifanya vizuri ni wachache na bei yake ni nzito. Akriliki ikikwaruzwa, picha haiwezi kuhamishwa kwenye kipande kingine, hivyo naziweka nafasi ya nne.

Zilizobaki

Picha iliyogandishwa kwenye ubao wenye kingo nyeusi na kufunikwa plastiki ndiyo inayouzwa kwa wingi mjini, na ndiyo ninayoipinga zaidi, kwa sababu imegandishwa kwa makusudi tangu siku ya kwanza. Ubao wa unga wa mbao hunyonya maji kutoka ukutani, huvimba pembeni, na plastiki huanza kuinuka kwenye kona, ikiinuka na picha. Usiweke hapo picha ambayo huna faili lake. Karatasi ya art iliyochapwa kwa printa ya leza kutoka Nasser Road, mtaa wa wachapaji wa Kampala, inafaa bango la wiki moja.

Unapokwenda kuchukua fremu yako, lipa nusu iliyobaki baada ya kuikagua. Iinamishe kando, mwanga wa dirishani uipitie: kama kuna mwanya, utaona ukingo wa kadi ukitupa kivuli chembamba juu ya picha pande zote nne. Ukiona mabaka meusi yanayometa kana kwamba kioo kimelowa kwa ndani, picha inagusa kioo mahali hapo. Mrudishie fundi aifungue mbele yako.