Uzoefu wangu wa blogu ya darasa: zana nilizobaki nazo na nilizoziacha

Nafundisha uandishi, na wanafunzi wangu wengi wana kati ya miaka 9 na 14. Kwa muda sasa insha zao haziishii daftarini; zinachapishwa kwenye blogu ya darasa. Katika safari hiyo nimejaribu zana nyingi za mtandaoni. Nyingine ninazo hadi leo, nyingine nimeziacha. Walimu wenzangu na wazazi huniuliza ipi ni bora, nami huwarudishia swali: nani ataisoma kazi ya mtoto, na atamjibu lini? Zana inayomletea mtoto msomaji wa kweli upesi ndiyo ninayoisifu. Beji, nyota, pointi na mapambo ya ukurasa yana nguvu ya soda tu: mwanzoni darasa zima linachangamka, baada ya wiki chache hakuna anayeyauliza.

Insha ya kawaida ina msomaji mmoja, naye huisoma akiwa na kalamu nyekundu, tena anajua tangu mwanzo alichokiagiza. Mtoto hana haja ya kumfafanulia jambo mtu anayeonekana kulijua tayari. Anaandika ili amalize, aikabidhi, arudishiwe alama. Msomaji asiyemjua humbadilisha kabisa. Mwanafunzi wangu mmoja, kijana ambaye aya moja ilikuwa ikimtoa jasho, aliandika jinsi ya kutengeneza kishada. Maandishi yenyewe yalikuwa mafupi: chukua vijiti, chukua karatasi, funga, rusha. Kwenye maoni watoto wa darasa lingine wakamuuliza: vijiti vya urefu gani? Uzi unaufunga katikati au juu? Changu kinazunguka tu na kuanguka, nifanyeje? Alirudi kwenye chapisho lake bila kuagizwa, akaongeza vipimo, akaongeza mkia aliokuwa ameusahau, akaeleza kwa nini kishada kisicho na mkia huyumba. Mimi nilikuwa nimemwandikia "fafanua zaidi" pembeni mwa insha zake mara nyingi, bila mafanikio. Maswali ya wale watoto yalifanya kazi kwa sababu waliouliza walikuwa wanataka kujua kweli.

Huduma ya blogu niliyokaa nayo kwa muda mrefu zaidi ni Edublogs. Ilianza mwaka 2005, imejengwa juu ya WordPress, programu ya kutengenezea tovuti na blogu, na ililenga shule tangu mwanzo. Nilichokipenda ni usimamizi: unaweza kumfungulia mwanafunzi akaunti hata kama hana barua pepe, unaamua kama chapisho lake litapita kwako kabla ya kuonekana, na maoni pia unaweza kuyazuia mpaka uyasome. Muonekano wake si wa kuvutia kama programu mpya za simu, na mtoto wa miaka 9 anahitaji kuelekezwa kwa subira ili aelewe tofauti ya rasimu na chapisho. Mimi naona hilo ni somo zuri lenyewe. Akishaizoea, ameizoea WordPress, ambayo sehemu kubwa ya tovuti duniani zinaitumia.

Blogger, huduma nyingine ya blogu, nayo nimeitumia, hasa kwa wanafunzi wakubwa. Ni ya bure, imekuwa mikononi mwa Google tangu mwaka 2003, na mtu anaweza kufungua blogu kwa dakika chache. Ila haikuundwa kwa ajili ya darasa. Hakuna mahali pa mwalimu kuona wanafunzi wake wote kwa pamoja, kwa hiyo inamfaa kijana mmoja mwenye blogu yake au kikundi kidogo chenye mhariri anayeaminika.

Sasa niseme juu ya maoni, maana hapa ndipo blogu nyingi za darasa hufia. Watoto wakiachwa wenyewe huandika "Nzuri sana!" na "Hongera!" mpaka ukurasa unajaa. Mwandishi anafurahi mara ya kwanza, ya pili anazoea, ya tatu anagundua kwamba hakuna aliyesoma. Ndiyo maana nafundisha kuandika maoni kama ninavyofundisha kuandika insha. Maoni yanayokubalika darasani kwangu lazima yataje kitu mahususi kilichomo kwenye kazi, kisha yaulize swali ambalo mwandishi pekee anaweza kulijibu. Tunafanya mazoezi kwenye karatasi kwanza: kila mtoto anabandika insha ukutani, wenzake wanazunguka na vipande vya karatasi. Tukihamia mtandaoni, tayari wanajua tofauti ya kusifu na kusoma. Na mwandishi ana wajibu pia. Akiulizwa, ajibu. Blogu isiyojibu wasomaji wake hupoteza wageni haraka.

Kosa linalorudiwa na madarasa mengi ni kuchapisha kazi zote siku moja. Insha 40 zikitoka asubuhi, za mwanzo zitasomwa na zilizobaki zitazama. Sisi tunakwenda kwa zamu: kikundi kidogo kinachapisha wiki hii, wengine ni wasomaji na wahariri. Nami hujitahidi kupitisha kazi siku ileile inapoletwa. Furaha ya mtoto kuona jina lake la kalamu, yaani jina alilojichagulia la kuandikia, kwenye skrini haina subira. Ukimkalisha wiki nzima akisubiri idhini yako, atakuwa ameshahamia kwenye jambo jingine.

Wasomaji wa nje wanapatikana vipi? Mpango ulionisaidia kuliko wote unaitwa Quadblogging. Ulibuniwa Uingereza mwaka 2011 na mwalimu David Mitchell, na utaratibu wake ni mwepesi: madarasa manne yanaungana, kila wiki darasa moja linakuwa mwenyeji, na mengine matatu yanalitembelea, yanasoma na kuacha maoni. Baada ya mwezi kila darasa limepata wiki yake. Huhitaji kujisajili popote ili kuufuata; unahitaji walimu watatu wanaotimiza ahadi. Nilipowapata, hali ya darasa langu ilibadilika. Watoto walikuwa wakiniuliza kabla sijaketi kama maoni yameingia. Waliokuwa wakiandika aya mbili wakaanza kugombea nafasi ya wiki yetu ya uenyeji.

Wazo hili limeitangulia intaneti. Miaka ya 1920 mwalimu wa Ufaransa, Célestin Freinet, aliweka mashine ndogo ya kuchapia ndani ya darasa lake. Watoto waliandika walichotaka wenyewe, wakazipanga herufi za chuma kwa mikono, wakachapa, kisha wakabadilishana machapisho na watoto wa shule ya mbali. Nawasimulia wanafunzi wangu habari hii kila mwaka, na huwa wanashangaa kwamba wenzao waliokaa na kupanga herufi moja moja walikuwa na hamu ileile ya kujibiwa.

Kuna hesabu moja ninayoifunika: idadi ya waliotazama. Huduma nyingi za blogu huionyesha, na niliona mapema inavyowaumiza watoto. Mwenye watazamaji wengi anaanza kuandika vichwa vya habari vya kuvuta macho. Mwenye wachache anajiona hajui kuandika. Mazungumzo mawili marefu chini ya chapisho yana thamani kubwa kuliko mamia ya watu waliopita bila kusimama.

Kabla kazi haijafika kwenye blogu, tunaiandaa kwenye Google Docs, programu ya mtandaoni ambamo watu kadhaa wanaweza kuandika andiko moja. Hapa sina la kulalamikia sana. Hali ya kupendekeza, ambapo mhariri anaandika mabadiliko na mwandishi anakubali au anakataa, imewafundisha wanafunzi wangu jambo ambalo kalamu nyekundu haikuweza: kwamba sentensi ni mali ya aliyeiandika, na ana haki ya kulikataa pendekezo akiwa na sababu. Historia ya matoleo nayo ni hazina. Namkalisha mtoto tunapitia rasimu yake ya kwanza hadi ya mwisho, anaona kwa macho yake aya ilivyokua. Kuandika kwa sauti, yaani mtoto anasema na programu inaandika, pia kumewafaa wale ambao vidole vinachelewa kuliko mawazo, ingawa maandishi yanayotoka huhitaji kusafishwa.

Padlet ni ubao wa mtandaoni ambako kila mtu anabandika karatasi yake. Mpango wa bure unaruhusu mbao chache tu, lakini kwa kuanza unatosha. Naitumia kwa kazi fupi, hasa zoezi la maneno 100, ambalo nimelichukua kutoka kwenye shindano la Uingereza la 100 Word Challenge: unawapa maneno ya kuchokoza mawazo, kwa mfano "lakini mlango ulikuwa wazi", nao wanaandika kisa kisichozidi maneno 100 chenye maneno hayo ndani yake. Mtoto anayeogopa ukurasa mtupu haogopi maneno 100. Na kwa kuwa kazi ni fupi, wenzake wanazisoma zote.

Majukwaa makubwa ya hadithi kama Wattpad siyapendekezi kwa watoto wadogo. Masharti yake yanataka mtumiaji awe na miaka 13 au zaidi, na hadithi zilizomo zimeandikwa kwa watu wa kila umri. Umri huo wa miaka 13 mtaukuta kwenye huduma nyingi, na asili yake ni sheria ya Marekani ya mwaka 1998, COPPA, inayotaka idhini ya mzazi kabla ya tovuti kukusanya taarifa za mtoto aliye chini ya umri huo. Ulaya wanafuata GDPR, sheria yao ya kulinda taarifa za watu, iliyoanza kutumika mwaka 2018, ambayo umri wake unaanzia 13 hadi 16 kutegemea nchi. Mimi huomba idhini ya mzazi kwa maandishi kwa kila mtoto, bila kujali umri. Majina kamili hayatumiki, picha za nyuso hazitumiki, na hakuna chapisho linalotaja mtoto anaishi wapi au hupita njia gani. Watoto huchagua majina ya kalamu, na kuchagua jina hilo huwa ni kazi wanayoifanya kwa uzito mkubwa. Kuhusu picha, tunatumia tulizopiga au kuchora wenyewe, au zenye leseni ya Creative Commons, ambayo mwenye picha huitoa kuruhusu wengine waitumie, na tunaandika ni ya nani. Mtoto anayetaka kazi yake iheshimiwe aanze kuheshimu ya mwenzake.

Jukwaa moja tulilolitumia lilifungwa, na kazi ambazo hazikuwa zimepakuliwa zikapotea. Tangu hapo siingii kwenye huduma yoyote kabla ya kuthibitisha kwamba naweza kutoa kila kitu kilichomo. Mwisho wa kila muhula tunapakua machapisho yote, tunayapanga kwenye faili la PDF na kila mtoto anapewa nakala yake. Zikipatikana karatasi, tunachapa nakala moja ya kukaa darasani, na hiyo husomwa mpaka inachakaa.

Tangu ChatGPT, programu ya akili bandia inayoandika inapoagizwa, ilipotoka mwishoni mwa mwaka 2022, nimekuwa nikiulizwa kama blogu za wanafunzi bado zina maana, maana mtoto anaweza kuiagiza mashine ikamwandikia. Anaweza, na wapo waliojaribu. Siwawindi kwa programu za kutambua maandishi ya mashine, kwa sababu zinaweza kumhukumu aliyeandika mwenyewe. Nategemea vitu viwili. Kwanza, rasimu inayokua kwenye historia ya matoleo. Pili, maoni: wasomaji wakikuuliza ulisikia nini, ulimwona nani, kisha ikawaje, mashine haikuwepo. Aliyeandika mwenyewe hujibu kwa raha, mara nyingi kwa maneno mengi kuliko insha yenyewe. Ninachokiona ni kwamba mtoto mwenye wasomaji wanaomngojea hana hamu kubwa ya kumpa mtu au kitu kingine kalamu yake.

Tahajia na sarufi? Tunazisahihisha kabla ya kuchapisha, wahariri wawili wawili, na makosa yanayopita huonwa na wasomaji. Watoto huona aibu ndogo, wanasahihisha, maisha yanaendelea. Singependa mzazi azuie kazi ya mwanawe isionekane kwa sababu ya koma.

Kwa anayetaka kuanza, ushauri wangu ni kwamba asikimbilie kufungua akaunti. Tafuta kwanza mwalimu mmoja mwenye wanafunzi wa umri unaokaribiana na wako, mkubaliane siku ya kusomana na siku ya kujibu, na muishike siku hiyo kama kipindi kingine chochote kwenye ratiba. Anzeni na Padlet na maneno 100 kwa wiki chache. Mkiona watoto wenyewe wanaulizia zamu yao inayofuata, fungueni blogu, kwa Edublogs kama ni wadogo, kwa Blogger kama ni vijana wanaoweza kujisimamia. Na mwalimu naye aandike humo. Wanafunzi wangu husoma machapisho yangu kwa makini kuliko ninavyotarajia, na maswali yao hunirudisha kwenye rasimu.