Uchambuzi wa phyphox: Jaribio liko Tudor, data inasomwa Likoni

Hamjambo, watazamaji, na karibuni tena. Leo ninaichambua phyphox, programu ya simu isiyolipiwa iliyotengenezwa katika Chuo Kikuu cha RWTH Aachen, Ujerumani, na ambayo imekuwapo tangu mwaka 2016. Kazi yake ni kuvisoma vihisi vilivyomo ndani ya simu, kama vile jairoskopu (kihisi kinachopima jinsi simu inavyozunguka), maikrofoni na kihisi cha sumaku, kisha kuchora grafu papo hapo jaribio likiendelea. Mimi ni mwalimu wa fizikia hapa Tudor, Mombasa, na nilichotaka kujua ni iwapo mwanafunzi asiyekuwa maabarani anaweza kuichambua data yake kikamilifu.

Nimechagua jaribio la pendulamu, yaani kitu kinachobembea kwenye uzi, kwa kuwa kila mtahiniwa wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, analijua. Mnaiona simu hii: nimeifunga kwa uzi na kuitundika kwenye ndoano ya dari, ile iliyokuwa ya panka, nikaivuta kando kidogo, pembe isizidi digrii 5, halafu nikaiachilia. Simu yenyewe ndiyo inayobembea, kwa hiyo huwezi kuitazama skrini yake. Hapo ndipo uwezo wa kuisoma kutoka mbali unapohitajika: ukiugusa mstari wa menyu unaoruhusu jambo hilo, programu inakupa anwani ambayo unaiandika kwenye kivinjari cha simu ya pili au kompyuta, na grafu zote zinajitokeza huko pamoja na vitufe vya kuanzisha na kusimamisha kipimo.

Fahamuni kwamba vifaa hivyo viwili sharti viwe kwenye Wi-Fi moja. Mimi huwasha hotspoti kwenye simu ya pili, wala mawasiliano baina ya simu hizo mbili hayali bando. Msiifungue njia hii kwenye Wi-Fi ya mkahawa au ya hoteli, kwa sababu yeyote aliye kwenye mtandao huo na mwenye anwani anaweza kukiingilia kipimo chenu.

Kwa mtu aliye mbali zaidi, njia ni kuitoa data kama faili la Excel au CSV na kumtumia. Nilifanya hivyo na mwanafunzi wangu anayekaa Likoni, ng'ambo ya feri, na hapa ndipo programu hii iliponishawishi.

Nilikuwa nimeiambia programu kuwa uzi una sentimita 100, nayo ikanihesabia mchapuko wa mvutano wa dunia, ile g yetu, kuwa mita 9.12 kwa sekunde mraba. Jibu hilo halikubaliki hata kidogo. Nikalituma faili kwa WhatsApp, mistari elfu kadhaa ya vipimo vya jairoskopu, pamoja na urefu niliouandika. Kijana akalifungua kwenye simu yake, akachora grafu, akahesabu mibembeo 20 kamili katika sekunde 41.6, yaani sekunde 2.08 kwa kila mmoja, kisha akaniandikia: "Mwalimu, muda uko sawa. Uzi umeupima mpaka wapi?"

Nilikuwa nimeupima mpaka kwenye fundo, juu ya simu, ilhali urefu wa pendulamu huhesabiwa hadi kwenye kitovu cha uzito wake, ambacho kwa simu hii kiko takriban katikati, sentimita 7 chini ya fundo. Nilipoandika 107, jibu likawa 9.76. Nilifurahi mno, kwani kosa la maabarani kwangu lilikuwa limeonekana na mtu ambaye hakuigusa simu wala uzi, kwa sababu tu alipewa data ghafi badala ya jibu lililokwisha kupikwa.

Na msiseme kwamba 9.76 bado iko mbali na 9.81 ya vitabuni. Mombasa iko digrii 4 hivi kusini mwa ikweta, mahali ambapo mzunguko wa dunia na uvimbe wake katikati hupunguza mchapuko huo hadi karibu 9.78. Ile 9.81 ni ya latitudo za Ulaya, kama vile London.

Kasoro kubwa iko kwenye simu zetu. Simu nyingi za bei nafuu hazina jairoskopu, na bila hiyo jaribio hili halifanyiki, kwa hivyo fungueni orodha ya vihisi kabla ya kupanga somo. Jaribio la kupima kasi ya sauti kwa maikrofoni linahitaji mahali penye utulivu, kwani honi ya tuktuk inatosha kuianzisha saa ya programu, ambayo huanzishwa na sauti, kabla hujapiga kofi lako. Tena, simu inayopima iwekwe kwenye hali ya ndege kisha Wi-Fi iwashwe peke yake, maana simu ikipigiwa katikati ya mbembeo, kipimo huweza kukatika.

Mimi nitaitumia muhula huu, na kila kikundi kitalituma faili lake kwa kikundi kingine likaguliwe kabla sijaliona.