Iafoni za kuchongesha kwa kipimo cha sikio: mwaka na nusu nikipiga nazo drams hapa Dodoma

Wakuu, hii naiandika kwa sababu nimeulizwa sana, hasa na wanamuziki wa makanisani, kwamba hivi hizo iafoni zako za karibu milioni tatu zina nini ambacho za elfu arobaini hazina. Swali ni la haki kabisa. Nimekaa nazo mwaka na nusu sasa, nimezitumia kanisani, kwenye kumbi za sendofu, kwenye treni na nyumbani usiku, na pembeni yake nimetumia za aina nyingine nne, kwa hiyo ninachosema nimekiona mwenyewe.

Mimi napiga drams kwenye timu ya kusifu huku Kisasa. Jumapili ibada mbili, katikati ya wiki mazoezi, Jumamosi mara nyingi kuna harusi. Miaka kama tisa nilikuwa nakaa na monita ya sakafuni pembeni, ile spika ya kujisikilizia, simbali iko karibu kabisa na sikio la kushoto, mpiga besi naye amplifaya yake kaielekeza mgongoni kwangu, na kila mtu akipandisha sauti yake na mimi naomba nipandishiwe ili nisikie. Jumapili usiku nikilala nasikia wiiiii mpaka Jumatatu mchana. Wenzangu wanasema ndo kawaida ya wapiga drams. Siyo kawaida, aisee. NIOSH, ile taasisi ya Marekani ya usalama kazini, wanasema kikomo cha ukali wa sauti ni desibeli 85 kwa masaa nane, na kila ikiongezeka desibeli 3 muda unakatwa nusu, yaani 88 masaa manne, 91 masaa mawili, ukifika 100 umebakiwa na robo saa. Nilipima kwa programu ya simu pale pale kwenye kiti changu, pambio likichanganya ilikuwa inacheza 102, 104. Simu siyo kipimo cha maabara, sawa, lakini hata ukipunguza kidogo bado hesabu haikubali maana pambio moja la kwetu linaenda dakika ishirini na hapo mchungaji hajasema "tena".

Kumbe hata hivi vitu vilianzia kwa mpiga drams. Ultimate Ears ilianza 1995, Jerry Harvey alikuwa fundi mitambo wa bendi ya Van Halen, akamtengenezea Alex Van Halen ambaye ndo alikuwa anapiga drams, kisa kelele za jukwaani. Na vile vispika vidogo vya ndani ni ukoo mmoja na vile vya kwenye vifaa vya watu wenye usikivu hafifu. Nilipojua hilo ndo nikaelewa hiki kitu kimetengenezwa kwa ajili ya mtu wa namna yangu, na nikaanza kudunduliza.

Kabla ya hapo nilikuwa na Shure SE215, hizi ni za draiva moja tu kila upande, yaani kispika kimoja kidogo cha ndani, waya unachomoka na kurudishwa, zina vile visponji vya kuminya na vidole halafu unaingiza vinavimba ndani ya sikio. Hizi nawaambia ukweli ni nzuri na sijaziacha. Kwenye karatasi Shure wanasema zinazuia mpaka desibeli 37, wakati za kuchongesha za plastiki ngumu nyingi zinatajwa kwenye 26 hivi. Unaweza kujiuliza sasa kwa nini mtu alipe mara kumi apate namba ndogo. Jibu ni jasho. Sponji likiwa jipya na umelipanga vizuri ni ukuta, lakini piga ibada mbili mfululizo mwezi wa kumi na moja kwenye joto la Dodoma, taya linacheza unaimba, jasho linateremka, kidogo kidogo sponji linatoka milimita moja, mbili, besi inakimbia, unajikuta unasukuma sikio kwa bega huku mkono uko kwenye haiheti, zile simbali mbili za kukanyaga na mguu. Nilikuwa nafanya hivyo kila wimbo wa tatu.

Sasa kupimwa. Dodoma sikupata mtu wa kunifanyia kwa aina hii, nikapanda SGR mpaka Dar kwenye kliniki wanaouza vifaa vya usikivu. Mtaalamu anaanza kuangalia ndani na kitochi kama kuna nta, kama ipo inatolewa kwanza. Halafu anaingiza kipamba kina uzi, anakisukuma mpaka ndani kabisa kupita kona ya pili ya tundu la sikio, hapo panakera, macho yanataka kutoa machozi, ila hakina maumivu. Kile kipamba ndo kinalinda ngoma ya sikio. Kisha anachanganya silikoni za rangi mbili, anajaza kwenye bomba kama la sindano lisilo na sindano, anabonyeza. Ni ya baridi. Inajaa taratibu, na dunia ya upande ule inazimika, nilikuwa nasikia mate yangu nikimeza na moyo wangu unavyopiga, du, du, du, kama mtu anapiga kiki, ile ngoma kubwa ya mguu, kwenye chumba cha pili. Dakika tano hivi inakuwa imekauka anavuta polepole, linatoka umbo la sikio lako lote na kona zake, na niliona wazi kuwa sikio la kulia na la kushoto siyo mapacha hata kidogo.

Hapa ndo palitokea kosa lililonigharimu, sikilizeni vizuri. Nilipimwa nikiwa nimefunga mdomo. Hakuna aliyeniambia niume kitu na mimi sikujua kuuliza. Vifaa vilipofika baada ya wiki kadhaa nikavivaa nimekaa kimya sebuleni, nikasema hapa nimefika. Jumapili nikaanza kuimba korasi huku napiga, kila nikifungua mdomo sawasawa besi inapotea, nikifunga inarudi. Sababu yake ni taya, mfupa wake uko jirani kabisa na tundu la sikio, ukifungua mdomo tundu linabadilika umbo, sasa kama ganda limechongwa kwa sikio la mtu aliyefunga mdomo linaacha upenyo, na besi ndo ya kwanza kukimbia kwenye upenyo. Wanaoimba wanatakiwa wapimwe wakiwa wameuma kile kijiti au kipande cha sponji mdomo ukae wazi. Bahati watengenezaji walikuwa wanatoa siku 30 za kurekebisha bure, lakini nauli ya kurudi Dar, kupimwa tena na kusafirisha mzigo vyote vilikuwa juu yangu, laki nne na zaidi zikaenda. Na kusubiri tena. Kwa hiyo ukienda kupimwa, kama unaimba, unapiga tarumbeta, hata kama unaongea tu na wenzako jukwaani, dai kuuma kitu. Usitoke pale bila hiyo.

Zilivyorudi mara ya pili ikawa habari nyingine. Unaziingiza kwa kuzungusha kidogo, zinakaa, na hazitoki, natikisa kichwa, jasho linateremka, naimba, hazisogei. Ukiwa umevaa nguo ya kushonesha kwa fundi mzuri unasahau kama umevaa, ndo hivyo hivyo. Na kitu kikubwa ambacho sikukitegemea ni kwamba kwa sababu kelele za nje zimebaki nje muda wote, nimeshusha sauti. Mwanzoni kwenye kile kiboksi cha Behringer cha kuendeshea iafoni kinachoning'inia kiunoni, kitufe cha sauti nilikuwa nakizungusha mpaka kinaelekea saa nane kama mshale wa saa, sasa kiko saa tano na nasikia kila kitu. Mlio wa Jumapili usiku umeisha. Lakini tusidanganyane, ukivaa hizi halafu ukafungua sauti mpaka mwisho unajiumiza vile vile, tena zaidi maana imejifungia humo humo.

Kuna kasoro ya kuzoea. Sauti yako mwenyewe ukiimba inavuma ndani ya kichwa kama unaongea ndani ya pipa, na unajiona uko peke yako, watu wanapiga makofi huwasikii. Fundi mitambo wetu akaweka miki mbili mbele ya madhabahu zinaangalia waumini, akanipa kidogo masikioni. Siku ya kwanza mama mmoja alipiga kigelegele mstari wa nyuma kikaingia kwenye sikio la kulia wazi kabisa, nilifurahi sana, kwa miaka yote ile sikuwahi kukisikia kigelegele nikiwa kwenye drams.

Sasa kwenye sauti yenyewe, muziki wa kusikiliza tu, hapa ndo watu wanategemea niseme mbingu imefunguka. Nina rekodi niliyofanya mwenyewe Mvumi, mzee wa Kigogo anapiga ilimba, ile ya vyuma vya kupigwa kwa vidole gumba, chini ya mti, kwa hiyo najua pale ilivyokuwa inalia, siyo ya kusimuliwa. Naitumia hiyo kupima kila kitu.

Kwenye hizi za kuchongesha, zina draiva sita kila upande, nasikia kucha ya dole gumba ikikwangua ulimi wa chuma kabla noti haijatoka, nasikia ule mzizimo unaofuata noti unavyokufa taratibu, kila chuma na mzizimo wake. Ila mzee yuko ndani ya kichwa changu, katikati ya masikio. Nikahamia kwenye Sennheiser HD 600 za rafiki yangu wa Area C, hizi ni za kuvaa kichwani, wazi kwa nyuma, zimekuwepo tangu 1997, mzee akatoka kichwani akakaa mbele yangu kama hatua mbili, na upepo wa kwenye majani nao ukawa upepo wa nje siyo kelele ya kwenye rekodi. Kwa kusikiliza nyumbani usiku mtaa umetulia, nachagua HD 600, wala sifikirii mara mbili, na bei yake haifiki nusu. Ila ukinzani wake wa umeme ni mkubwa, omu 300, zinataka amplifaya inayoeleweka, na kwa sababu ziko wazi kila kitu kinaingia, jirani akiwasha redio na wewe umeisikia. Jukwaani hazina kazi.

Sony MDR-7506, zile zenye waya wa kujikunja ambazo watu wa redio na studio wanatumia tangu 1991, nilikuwa nazo za kuazima. Za kazi kweli, ukichanganya sauti zinakuonyesha makosa. Kwenye drams sasa, zinabana, masikio yanalowa, na ukiinamisha kichwa zinateleza. Za bluetooth usijaribu kabisa kupigia, siyo ubaya wa kampuni yoyote, ni ucheleweshaji, unapiga snea leo unaisikia kesho.

Na hizi za Kichina za elfu arobaini na kitu zenye draiva mbili tatu, jamani, kwa hela ile zinashangaza. Ilimba inalia kwa ukali kidogo juu, inachoma, lakini vitu vingi nilivyovilipia mamilioni vimo humo kwa asilimia kubwa. Ukizivalisha vile vimpira vya sikioni vinavyokutosha vizuri, mtu asiye na kazi ya jukwaani atatofautisha kwa shida. Wingi wa draiva siyo ubora. Ninachokilipia mimi ni lile ganda.

Vitu vingine vidogo. Hizi za draiva nyingi ni nyepesi kusikia uchafu wa umeme, nikichomeka kwenye miksa kuukuu ya ukumbi fulani nasikia shiii na mngurumo wa jenereta ambao spika hazikuonyesha. Na siyo kila tundu la hedifoni linazipenda, kwenye miksa nyingine sauti inabadilika juu inapungua, kwa sababu ukinzani wa tundu lenyewe unaingiliana na wa iafoni. Vumbi la Dodoma la mwezi wa saba na nane na ule upepo wake ni adui, nafuta kila nikivua, nina kibrashi na kikwanguo cha kutoa nta kwenye vitundu, na kwenye kiboksi naweka vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye viatu vipya. Waya ni wa pini mbili, ukikatika unabadilisha waya tu. Kuuza ndo sahau, hakuna mwenye sikio lako. Hata kujaribu kabla ya kununua haiwezekani kwa sababu hiyo hiyo, unalipa kwanza ndo unasikia.

Hesabu yangu yote, vifaa, vipimo viwili, nauli, usafirishaji na kodi, imefika milioni tatu na laki sita. Kwa anayesikiliza njiani au nyumbani sishauri, kabisa. Kwa anayekaa kwenye kelele masaa kila wiki na anaimba au anapiga, anza na za sponji, na kama sponji linakutesa kama lilivyonitesa mimi ndo uanze kudunduliza.

Zile SE215 nimempa dogo wa miaka kumi na saba anayejifunza drams kwetu. Aliniomba kwanza ajaribu zangu, nikazifuta na spiriti nikampa, ya kulia haikuingia hata nusu. Nikamkatia saizi ya sponji inayomfaa, tukamshushia simbali kwenye miksa, akapiga ibada zote mbili. Jumatatu jioni akanitumia meseji: "Shikamoo kaka. Mbona leo masikio hayalii?"