Uzoefu wangu: msanapichi mweupe kwenye kiwanja kidogo cha Kigamboni

Kwa wenye haraka, jibu langu hili hapa. Kama unaishi pwani, kiwanja chako ni kile cha mita 20 kwa 20, na unatafuta mti mmoja wa maua meupe wa kupamba mbele ya nyumba, nunua msanapichi mweupe wa majani butu. Wangu umeshavuka masika na viangazi kadhaa hapa Kigamboni, kwenye mchanga mtupu na upepo wa chumvi, na sijapata mti wa mapambo unaonipa furaha kiasi hiki kwa kazi ndogo namna hii. Tatizo liko kwenye kuununua. Hapo ndipo watu wengi wanapoliwa hela, na ndiyo sababu nimekaa kuandika.

Miche yangu niliitoa kwenye vitalu vya kando ya Barabara ya Bagamoyo. Wauza maua wengi wa kule wanauita franjipani, na ukisema "franjipani nyeupe" unaweza kupewa mti wowote kati ya mitatu isiyofanana hata kidogo. Kuna wenye majani mapana yaliyochongoka nchani. Huo hupukutisha majani yote kiangazi na kubaki matawi matupu, manene, ya kijivu. Kuna wenye majani mazito ya kijani kilichokolea, yanayong'aa, ncha zake za mviringo. Huo kwa hali ya hewa ya Dar hubaki na majani karibu mwaka mzima. Na kuna wa tatu, ambao jani lake ni jembamba chini kisha linapanuka ghafla kuelekea ncha. Huu wa tatu huchanua mapema mno, mche ukiwa bado kwenye kiriba, kwa hiyo ndio unaokuvuta macho ukipita na gari.

Mimi niliuziwa huo wa tatu. Muuzaji aliniambia, "Mama, chukua huu, jioni harufu yake inafika mpaka kwa jirani." Ulikuwa umejaa maua meupe safi, nikauchukua pamoja na mingine miwili. Jioni ya kwanza nilinusa ua moja baada ya jingine, hakuna kitu. Kesho yake vilevile. Niliporudi kule, kaka mmoja wa kitalu cha jirani aliutambua kwa maelezo tu: "Hiyo dada ni ya maua, ya harufu ni ile pale." Wataalamu wa mimea wanauita Plumeria pudica, asili yake ni Panama, Kolombia na Venezuela, na kukosa harufu ndiyo tabia yake. Si mti mbaya. Kama unataka ukuta wa maua meupe kando ya uzio, unafaa sana, kwa sababu huchanua kwa wingi kuliko ndugu zake. Lakini anayeuza miche kila siku anapaswa kujua anachouza, na mimi nililipia harufu.

Wa majani butu ni Plumeria obtusa, na huo ndio ninaoupa sifa zote hizi. Ua lake lina petali tano nyeupe zenye manjano kidogo tu katikati. Ukienda kununua, nenda jua likiwa linazama. Msanapichi hutoa harufu kali zaidi jioni na usiku, kwa hiyo anayenusa saa saba mchana anaweza kuuacha mche mzuri akidhani hauna kitu. Sababu ya tabia hiyo ilinishangaza nilipoijua. Harufu ile ni ya kuwaita nondo wakubwa wa usiku wenye ulimi mrefu. Wanakuja wakitafuta asali ndani ya ua, na ndani hamna asali hata tone. Wanahangaika kutoka ua hadi ua huku wakihamisha chavua. Nikikaa barazani baada ya swala ya isha nawaona wakizunguka pale juu, na siachi kuwaonea huruma.

Jambo jingine la kuangalia kitaluni ni shina. Mche wa msanapichi ni kipande cha tawi kilichochomekwa ardhini, na wapo wanaokichomeka juzi na kukuuzia leo kama mche uliokomaa. Utikise taratibu. Ukicheza kwenye kiriba, bado hauna mizizi. Kisha bonyeza shina karibu na udongo kwa kidole gumba: likibonyea au likiwa na ngozi iliyokunjamana na nyeusi, limeanza kuoza, achana nalo hata ukipunguziwa bei.

Huduma ya kupandiwa sikuipenda. Vijana waliokuja na miche walichimba shimo, wakaacha kisahani kirefu kuzunguka shina, wakanisisitiza nimwagilie ndoo asubuhi na jioni. Hiyo ni kanuni ya mgomba. Msanapichi una shina la nyama lenye maji yake tele ndani, na kinachouua upesi ni maji yaliyosimama kwenye mizizi. Mche mmoja uliopandwa kwa mtindo huo sehemu ya ua inayokusanya maji ulioza masika yalipoingia, ukaanguka wenyewe. Huu ulio hai tulimwita mzee mmoja wa mtaani anayejua bustani, akauinua, akaweka mchanga na kokoto chini, akaupanda juu ya kichuguu kidogo ili mvua iteremke pembeni. Tangu hapo sijaona tatizo la kuoza. Nimeumwagilia mara kwa mara miezi ya mwanzo tu, udongo ukishakauka; sasa hivi kiangazi kirefu ndipo naukumbuka. Maji yetu ya kisima yana chumvi chumvi na haujaonyesha kudhurika.

Jua ndilo usilifanyie ubahili. Unahitaji jua kamili, angalau saa sita kwa siku. Jirani yangu ana msanapichi wa rika la huu wangu chini ya kivuli cha mkungu. Umerefuka, umejaa majani, maua ni ya kuhesabu. Wangu unapigwa na jua tangu asubuhi na haupumziki kuchanua, isipokuwa hupungua miezi ya baridi ya Juni hadi Agosti.

Kuhusu mbolea, ukiweka ya kukuzia, ile urea ya mahindi, utapata majani makubwa ya kupendeza na maua machache. Naitrojeni nyingi ndivyo inavyofanya. Mimi naweka samadi iliyooza vizuri kabla ya masika na kabla ya vuli, basi. Kwa mchanga wetu huu inatosha.

Kupogoa kunahitaji kueleweka, maana hapa ndipo mafundi wa bustani wanapoharibu. Maua ya msanapichi hutoka kwenye ncha ya tawi tu. Tawi likishachanua, pale lilipoishia huota matawi mawili au matatu mapya, nayo yakikomaa kila moja hutoa shada lake. Ndiyo maana mti unakuwa na umbo zuri la mwavuli bila kuguswa. Sasa akija mtu na panga akaukata kichwa sawasawa kama uzio wa michongoma, ameondoa ncha zote, na utasubiri muda mrefu kuona ua. Nakata tu tawi linaloelekea ukutani au lililovunjika, tena wakati wa ukavu.

Na ukikata, jilinde. Utomvu wake mweupe unawasha ngozi, unaumiza macho, na ni sumu ukimezwa. Wajukuu zangu wanajua kabisa kwamba ua lililoanguka unaokota, tawi huvunji. Mwenye watoto wadogo wanaotia kila kitu mdomoni aupande mbali na wanapochezea.

Kasoro zake nyingine nizitaje. Kivuli chake ni kidogo, usitegemee kuweka jamvi chini yake saa sita mchana. Maua huanguka kila siku, na yakiachwa juu ya marumaru hubadilika rangi na kuteleza, kwa hiyo ufagio ni wa kila asubuhi. Wakati wa unyevu mwingi, chini ya majani hujitokeza unga wa rangi ya chungwa. Ni ugonjwa wa kutu unaoletwa na kuvu. Nayaokota majani yaliyoanguka na kuyachoma, namwagilia chini badala ya juu ya majani, na mti unapona wenyewe mvua zikikatika. Vidung'ata, wale wadudu weupe kama pamba, niliwaona kwenye ncha changa, nikawaosha kwa maji ya sabuni. Hayo ndiyo matatizo yote niliyokutana nayo.

Upande wa mizizi ndio unaonifanya nilale usingizi. Haijapasua kitu. Nimeupanda mita tatu hivi kutoka ukutani na karo la maji machafu liko karibu, salama. Linganisha na mikungu na mivumo ya jamii ya mkuyu tuliyoizoea, inayonyanyua vibaraza na kupenya kwenye mabomba. Urefu nao ni wa kistaarabu: mti wa aina hii kwa kawaida huishia mita tatu hadi tano au zaidi kidogo, hauzibi nyaya za umeme na hauhitaji mtu wa kupanda na msumeno.

Dada yangu wa Moshi huniambia nimekosa kwa kutopanda mringaringa. Nami nakiri kwamba mringaringa ukiwa umechanua ni mti wa kusimamisha mtu njiani: mashada makubwa meupe, laini kama karatasi, nyuki wamejaa, na ardhi yote chini imetandikwa weupe. Wachagga wanauacha vihambani uwape kahawa na migomba kivuli, na mbao zake ni za thamani. Ila ule ni mti wa kihamba. Unaweza kupita mita 15 kwenda juu na kutanua matawi kila upande. Mwenye nusu eka Arusha au Moshi apande mringaringa bila kusita. Mimi na mita zangu 20 za mchanga nitaumiza majirani.

Kwa hiyo, nyota. Msanapichi wa majani butu naupa tano kamili kwa pwani. Ule wa majani yaliyochongoka naupa nne, kwa kuwa harufu yake ni nzuri sana lakini mgeni anayeuona Agosti atadhani umekufa. Usio na harufu, tatu, na ningeupa zaidi kama ungeuzwa kwa sifa zake za kweli. Vijana wa kupanda nawapa moja.

Na kama una jamaa mwenye mti mzuri, huna haja ya kwenda kitaluni kabisa. Mwombe tawi Januari au Februari, kukiwa na joto na ukavu. Chagua lililokomaa, la rangi ya kijivu badala ya kijani, urefu wa sentimita 30 hadi 60. Punguza majani, liache kivulini wiki moja au mbili mpaka pale ulipokata pakauke na kufunga ngozi, kisha lichomeke kwenye mchanga uliochanganywa na samadi kidogo. Nyunyiza maji mara moja tu, halafu subiri majani mapya ndipo uanze kumwagilia. Tawi hurithi ua la mama yake bila kubadilika, jambo ambalo mbegu haikuhakikishii, na linaweza kuchanua ndani ya mwaka mmoja au miwili. Wangu sasa unatoa matawi ya kutosha, na wote walioniomba hapa mtaani wamepata la kwao.