Skrubu ya kuunga mfupa uliovunjika: ya titani au ya magnesi?

Fundi wa majahazi hapa Lamu anajua chuma na maji ya chumvi havipikiki chungu kimoja. Mwilini nako kuna chumvi, na hapo ndipo metali hizi mbili zinapoachana.

Titani hailiwi na kutu, na hushika hata mfupa wa paja. Ila imekakamaa mno: takriban gigapaskali 110 (kipimo cha ukakamavu), na mfupa 10 hadi 30 tu. Ikibeba mzigo wote, mfupa ulio chini yake hudhoofu. Ukitaka itolewe, ni kisu tena.

Magnesi, karibu 45, huyeyuka yenyewe. Shida ni kasi. Mwaka 1907 daktari Mbelgiji Albin Lambotte alifunga mguu uliovunjika kwa bamba la magnesi na misumari ya chuma. Likasagika ndani ya siku 8, gesi ikajaa chini ya ngozi. (Metali mbili zikigusana ndani ya chumvi, moja huliwa upesi! Hata nahodha angemwonya.) Aloi za sasa, yaani magnesi iliyochanganywa na metali nyingine, huisha taratibu, na Ulaya iliruhusu skrubu zake 2013.

Kijana aliyeangushwa na punda akavunjika kifundo, ningemchagulia magnesi. Paja la mchukuzi wa gatini? Titani, bila kusita.